Unacheza naye sparingi anakupiga kama mna ugomvi? Mwongozo kamili wa kudili na mtu wa hivo

Kila jimu ina mtu wake, unamjua. Kengele ikilia tu anakuja kama anakudai kodi ya miezi mitatu. Mmepatana mcheze sparingi, yaani pambano la mazoezi tu, taratibu, mmegonga glavu vizuri kabisa, afu sekunde kumi mbele unakula konde la kulia mpaka masikio yanalia nziiii, ukimwangalia anakwambia "si mazoezi bana". Mi nimekutana nao wa kutosha, kwenye ngumi na kwenye kickboxing, jimu za uswahilini hapa Dar zile za bati juu na saruji chini, na miaka kama miwili ya mwanzo nilikua najua njia mbili tu, kuvumilia au kulipiza. Zote zilinitokea puani. Kuvumilia kulinipa kichwa kuuma siku tatu nikawa namficha mama, kulipiza kulinipa ubavu wenye ufa na karibu wiki sita za kuogopa kupiga chafya. Kama hujawahi kupiga chafya na ubavu wenye ufa, mshukuru Mungu.

Kabla ya hatua yoyote elewa kitu kimoja. Mkiingia ulingoni kwa sparingi, kila mmoja anamuazima mwenzake mwili wake. Mi nakuazima kichwa changu na mbavu zangu ujifunzie kulenga, we unaniazima vyako nijifunzie kukwepa. Mtu ukimuazima baiskeli akairudisha rimu imepinda, mara ya pili akija unamwambia ina pancha, si ndo hivo? Jigoro Kano, yule mjapani aliyeanzisha judo Tokyo mwaka 1882, aliliweka hili kuwa nguzo kabisa ya mchezo wake, kwamba mimi na mwenzangu wote tufaidike, na judo ni mchezo wa kubebana na kubwagana chini, sio kupapasana.

Na usidhani haya ni ya wanyonge tu. George Foreman alienda Kinshasa 1974 akiwa bingwa wa dunia wa ngumi, watu wanamuogopa kama simba, pambano lake na Muhammad Ali lilikua liwe Septemba 25. Siku chache kabla, kwenye sparingi, kiwiko cha mtu wa mazoezi kikampasua juu ya jicho, pambano likasogezwa mpaka Oktoba 30. Waandishi wa dunia nzima walishafika Zaire (Kongo ya leo), na tarehe ya pambano ikavurugwa na raundi moja ya mazoezi. Sasa we unayetakiwa kesho saa moja asubuhi uwe kazini na jicho zima, fikiria.

Haya twende.

Hatua ya kwanza: kagua vifaa, vyako na vyake

Watu wanaruka hii afu wanalalamika "jamaa ana ngumi nzito", kumbe jamaa kavaa glavu za aunsi 10 ambazo ni za pambano. Za sparingi ni aunsi 16, kama wote mna miili midogo, chini ya kilo 60 hivi, 14 sio mbaya. Namba iko kwenye mkono wa glavu, isome. Afu zibonyeze sehemu ya vifundo kwa kidole gumba, maana jimu zetu nyingi glavu ni za kupokezana, zimepigiwa gunia miaka mpaka sponji imekufa, unabonyeza unasikia mfupa wa mwenzako. Glavu ya hivo ni ya gunia, hata kama imeandikwa 16. Na asiyefunga bendeji mikononi asikudanganye kwamba "tunagusana tu".

Kinga ya meno ile ya kuchemsha na kung'ata inauzwa bei ya kawaida tu, nunua yako, usiazime (hii ndo kitu pekee usiazime). Kinga ya kinena kwa wanaume. Ile kofia ya kichwani vaa kama ipo, itakuokoa usichanike nyusi na usivimbe sikio, ila ubongo haiushiki usitikisike ndani ya fuvu, na hapa ndo watu wanapoumia, maana wote wawili mkishavaa mnaona mmekua vifaru na kila mtu anaongeza nguvu. Mabondia wanaume wa ridhaa waliondolewa kofia kwenye mashindano makubwa kuanzia 2013, Olimpiki ya Rio 2016 wakapigana bila kofia, na mabishano juu ya hilo hayajaisha. Kofia isikupe kiburi, basi.

Hatua ya pili: jua unacheza na mtu wa aina gani

Hapa nitakaa kidogo maana dawa inategemea ugonjwa, na wengi wanaopiga sana wala sio watu wabaya.

Kuna muoga. Huyu ana mwezi mmoja jimu, amebana pumzi, macho anafumba ukimrushia kitu, afu anatupa mikono kama anafukuza nyuki. Hakuchukii, anakuogopa. Huyu ndo hatari zaidi kwa bahati mbaya, viwiko na kichwa vinakuja kutoka pembe ambazo hata yeye hazijui, lakini ndo rahisi kumtuliza.

Kuna mlipizaji. Anaanza vizuri, ukimgusa jebu (ngumi ya haraka ya mkono wa mbele) mbili safi anaona aibu, hasa kama kuna watu wamekaa kwenye benchi wanatazama, raundi inapanda ngazi ngazi mpaka mnapigana. Mara nyingi huyu ni mimi na wewe, tusidanganyane.

Kuna mwenye pambano karibu. Kocha wake kamwambia aongeze moto, ana wiki tatu, anapunguza uzito, ana njaa, hasira ziko juu juu. Huyu hana kosa sana, kosa ni la aliyekupanga wewe naye.

Kuna jitu kubwa lisilojua ukubwa wake. Kilo 95, akigusa "kidogo" wewe wa kilo 62 unahama sehemu. Mara nyingi ni mpole balaa, hajawahi tu kuambiwa.

Na kuna mwonevu. Huyu ndo tatizo lenyewe, na kumtambua kuna mtihani mmoja ambao haujawahi kunidanganya, mtazame akicheza na mtu anayemzidi. Kaa benchi raundi moja, angalia akiwekwa na kocha au na yule bondia mkubwa wa jimu. Kama kule anacheza laini, anatabasamu, anagusa kwa adabu, afu akija kwako au kwa yule dogo wa form four anageuka trekta, basi breki anazo na zinafanya kazi, anachagua tu wapi azikanyage. Muoga na jitu kubwa hawana hiyo tofauti, wao wako vile vile kwa kila mtu.

Kitu kingine, jirekodi. Simu iegemeze kwenye ndoo ya maji kona ya ulingo, rekodi raundi mbili. Mi nilifanya hivo nikiwa na uhakika asilimia mia kwamba jamaa mmoja ananionea, nikaangalia video usiku nimelala kitandani, kumbe kila raundi ni mimi ndo naanza, natupa ngumi ya pembeni ya nguvu sekunde ya ishirini halafu nashangaa akirudisha. Nilizima simu nikalala bila kumwambia mtu.

Hatua ya tatu: ongea kabla ya kengele

Sentensi moja au mbili inatosha, na usiseme kwa kujikunyata kama unaomba mkopo. Kama ni mkubwa kwako, shikamoo kwanza, kisha: "Kaka, leo naomba tucheze taratibu, kichwani tugusane tu, mwilini kawaida, kesho niko kazini." Kama ni rika lako: "Mwanangu leo taratibu eeh, nafanyia kazi jebu." Kutoa sababu kunasaidia, mtu anaona hujamuogopa ila una ratiba yako.

Mambo ya asilimia siyaamini. "Twende asilimia hamsini" kila mtu ana hamsini yake, na hamsini ya mtu aliyekula moja ya pua ni themanini. Patana vitu vinavyoonekana kwa macho. Mfano raundi ya kwanza jebu tu wote wawili. Au mmoja anashambulia mwingine anajilinda, dakika moja na nusu mnabadilishana. Au kichwani hairuhusiwi ngumi ya mkono wa nyuma kabisa. Ukipatana hivi, akivunja kila mtu ameona, hakuna kubishana ilikua nguvu au haikua nguvu.

Dada zangu mnaofanya mazoezi jimu zilizojaa wanaume, nyie mna kesi mbili kwa pamoja, kuna anayekugusa kama yai mpaka hujifunzi kitu, na kuna ambaye ukimtia jebu moja safi wenzake wakapiga kelele "heee kapigwa na demu", hapo hapo anachanganyikiwa anataka kurudisha heshima. Huyo wa pili mkamate mapema, mwambie kabla: "Kaka nikikugusa usipandishe, nami sipandishi." Na uwaambie na wale wa kwenye benchi wanyamaze, kwa sauti, maana mara nyingi raundi huwa inaharibiwa na watazamaji.

Hatua ya nne: sekunde thelathini za mwanzo ni zako

Mwenzako anasoma kasi kutoka kwako. Anza polepole kuliko ulivyopanga, ngumi zako zionekane laini, gusa paji la uso, gusa bega, pumua kwa sauti asikie umetulia. Muoga akiona hivyo anaanza kupumua na yeye, mara nyingi inaishia hapo na mnacheza vizuri mpaka mwisho.

Akikupiga moja ya nguvu, usirudishe hapo hapo. Rudi hatua moja, gonga glavu yake, sema neno moja, "punguza" au "taratibu". Moja tu, sio hotuba, una kinga ya meno mdomoni hata hivyo hatasikia. Mara nyingi hata hakujua, ameteleza tu, atasema samahani mtaendelea. Hiyo ni mara ya kwanza. Ya pili unasimamisha unaongea vizuri, unatoa kinga ya meno, unamwangalia: "Kaka tulisema kichwani kugusa." Ya tatu nenda hatua ya sita, usihesabu ya nne.

Hatua ya tano: mbinu za kumpunguza kasi bila kupigana naye

Kati ya kumwambia na kusikia kunaweza kupita dakika nzima na we uko ndani, kwa hiyo lazima ujue kujihifadhi.

Usirudi nyuma mstari mmoja. Mtu wa fujo anapenda hicho tu, anakusindikiza mpaka kwenye kamba au kwenye ukuta (jimu nyingi hazina hata kamba, ni ukuta na misumari ya kuning'iniza bendeji). Akija, toka pembeni, mguu wa upande unaoelekea utangulie, na kama yeye ni wa mkono wa kulia toka upande wa kushoto kwake, uwe mbali na ule mkono mzito. Akigeuka kukutafuta amepoteza sekunde mbili na pumzi kidogo. Fanya hivyo mara tano anachoka mwenyewe, maana mtu anayetupa zote kwa nguvu hamalizi raundi ya dakika tatu akiwa na kitu.

Jebu ya kifuani. Usilenge uso, lenga kifua au bega la mbele, mkono umenyooka, unaacha hapo nusu sekunde kama fimbo. Haimuumizi wala haimpi aibu, ila hafiki. Kwenye kickboxing una kitu kizuri zaidi, ule mguu wa kusukuma, unaweka unyayo tumboni kwake unamsogeza kama unasukuma mlango wa geti, sio kupiga, kusukuma.

Klinchi. Hii jifunze kabla hujaihitaji. Akiingia na wewe ingia, usimngoje katikati ambapo ngumi zina nguvu zote, funga mikono yake kwa kuzungusha yako juu ya viwiko vyake uibane kwenye kwapa, kichwa chako bega lake, upande wa nje, paji lisigongane, afu mlalie. Uzito wako wote mpe abebe. Na hapo mdomo wako uko karibu na sikio lake, ndo sehemu nzuri kuliko zote kumwambia "kaka taratibu, pumua" bila jimu nzima kusikia. Nimewatuliza watu wengi hapo kuliko kwenye mazungumzo yoyote ya nje. Mtu akiambiwa faragha hana haja ya kujitutumua.

Usijifunike kwa kuinama macho chini ukingoja aishe, mtu wa fujo akikuona umefumba anaona gunia. Na usigeuze mgongo, hata kama umekasirika, hata kama unataka kutoka.

Sasa ule ushauri maarufu, "mtie moja ya maana na yeye ajue". Kila jimu kuna mzee atakwambia hivyo. Inafanya kazi, lakini kwa mtu mmoja tu, yule anayemzidi mwenzake mbali kabisa, kocha au bondia mzoefu, anaweza kuweka moja ya ini iliyopimwa, jamaa akapiga goti, somo limeisha, wakacheka. Kama mko sawasawa au amekuzidi, unachofanya ni kumpa ruhusa. Ubavu wangu ulipata ufa kwa njia hiyo hiyo. Nilimtia moja ya tumbo nikaona nimemaliza kazi, yeye akaona sasa tumekubaliana, raundi iliyofuata akaingia na ngumi ya mwili ambayo mpaka leo mvua ikinyesha naikumbuka. Na nikienda kumlaumu nasema nini, wakati wote wameona mi ndo nimeanza?

Hatua ya sita: kusimamisha

Watu wazima, wana familia, wana nyumba, hawajui kusimamisha raundi. Wanaona aibu. Wanaangalia saa ukutani wakiomba dakika iishe. We kama umeshasema mara mbili hasikii, au umeona nyota, au miguu imelegea hata kidogo, simamisha hapo hapo. Namna yenyewe: toka pembeni au mshike klinchi kwanza ili asiwe katikati ya kurusha, kisha rudi hatua mbili, mkono mmoja bado uko juu unalinda kidevu, mwingine unyooshe na sema kwa nguvu "Basi!" Muite kocha kwa sauti. Usishushe mikono yote kwa pamoja ukidhani kila mtu ataona umeacha, mtu aliyepandwa hasira anaona nafasi. Ukishindwa kabisa, piga goti, goti chini kila mtu anajua maana yake.

Kisha mpe mkono, sema "asante, leo imetosha", toka. Usieleze, usiombe msamaha. Wenzio watasema umekimbia, watasema wiki moja, afu watapata habari nyingine.

Kwa mnaocheza judo au jiujitsu, kugonga (kumpiga mwenzako au sakafu kofi kuonyesha umekubali) ndo kusimamisha kwenu na mgonge mapema kuliko kiburi kinavyotaka, mikono ikibanwa gonga kwa mguu au sema kwa mdomo. Hasa kufuli za kuzungusha kisigino, zile maumivu yanachelewa, unapoanza kusikia uchungu kano za goti zinaweza kuwa zimeshakatika. Na mtu aliyegongewa akaendelea kubana, hata sekunde mbili, huyo usicheze naye tena, sina maneno mengi hapo.

Hatua ya saba: kwa kocha

Nenda baada ya mazoezi, watu wametawanyika, sio katikati ya ulingo unalia. Na usipeleke tabia ya mtu, peleka tukio. "Kocha yule jamaa mshenzi" haitakusaidia, kocha atasema mpatane. Ila "kocha, tulipatana jebu tu, raundi ya pili akarusha ya kulia tatu, na kengele ilishalia akaongeza moja", hilo lina kushikika. Kisha omba kitu anachoweza kufanya kesho: usinipange naye, au tupange akiwa wa kujilinda tu, au usimame karibu raundi ile. Kocha mzuri huwa anajua tayari, alikua anangoja mtu aseme.

Kama jamaa ana pambano na kocha anataka umsaidie, sio vibaya, ni heshima hata, lakini uambiwe kabla ni raundi ngapi na za namna gani, ukubali kwa mdomo wako. Kambi za wakubwa mtu wa sparingi analipwa, Larry Holmes alianza hivyo hivyo kwenye kambi ya Ali kabla hajawa bingwa wa dunia mwenyewe. We unayelipa ada ya mwezi halafu unatumika kama gunia la mtu bila kuambiwa, umeibiwa mara mbili.

Na kuna kocha atakayecheka. "Hii ngumi dogo, sio taarab." Utajibu nini? Mi siku hizi nawaambia habari za Thailand, wale jamaa wa muay thai, ngumi na mateke ya kwao, wanaanza utotoni na wanapanda ulingoni mara nyingi kwa mwaka, ukiwaona kwenye sparingi unadhani wanacheza mchezo wa watoto, wanagusana na kucheka, kwa sababu wakiumia mazoezini hawali. Au nawapa ya Max Holloway, mpiganaji wa UFC (ligi kubwa ya mapigano mchanganyiko), Januari 2021 Abu Dhabi alimpiga Calvin Kattar mapigo ya maana 445, rekodi ya UFC, na alisema mwenyewe hakufanya sparingi kwenye maandalizi ya pambano lile. Sisemi sparingi iachwe, mi mwenyewe naipenda, na kwa mtu anayeenda kupigana kuna siku lazima aonje moto. Ila moto ni siku chache za kupangwa, na mtu anayelingana nawe, kocha akiwa pale pale, sio kila Jumanne na Alhamisi kwa kila aliyevaa glavu.

Hatua ya nane: ukishapigwa kichwani

Hii isome hata kama umeruka zote. Huhitaji kuzimika ndo uwe umeumia ubongo. Kichwa kuuma, kichefuchefu, kizunguzungu, mwanga kukuumiza macho, kusahau raundi ilivyokua, kuuliza swali lile lile mara mbili, hasira bila sababu, hizo zote ni dalili. Ukiwa na hata moja, mazoezi yameisha siku hiyo, hata gunia, hata kuruka kamba. Pigo la pili ubongo ukiwa haujapona linaweza kukuua.

Nenda hospitali muda huo huo kama: ulizimika hata kidogo, unatapika mara kwa mara, kichwa kinazidi kuuma badala ya kupungua, unaongea kama umelewa, mkono au mguu mmoja umelegea, mboni moja ya jicho imekua kubwa kuliko nyingine, degedege, damu au maji maji yanatoka puani au masikioni bila kuchanika, au mtu anakuamsha huamki vizuri. Usijiendeshe na usipande bodaboda peke yako, mtu akupeleke. Dalili zingine huwa zinakuja baada ya masaa, kwa hiyo usilale nyumba ambayo hakuna mtu, mwambie mtu hata kama ni jirani, "nimepigwa kichwani leo, niangalie". Nilivyomficha mama zile siku tatu nilikua mjinga tu. Maumivu tumia panado, achana na aspirini, diklofenaki na brufeni kwanza, maana kama kuna damu inavuja ndani zinaweza kuiongeza.

Siku moja mbili za mwanzo pumzika, punguza na simu. Baada ya hapo kutembea, kisha jogingi, kisha kivuli (kurusha ngumi hewani peke yako), kisha gunia, kila hatua angalau siku nzima na dalili zikirudi unarudi nyuma hatua moja. Sparingi ni ya mwisho kabisa na daktari awe amesema sawa. Robert Wangila wa Kenya alikua bingwa wa Olimpiki Seoul 1988, mwamba kweli, na 1994 alifariki kwa majeraha ya kichwa baada ya pambano Las Vegas. Yule alikua na refa, madaktari na kona nzima. Sisi kwenye jimu ya bati tuna ndoo ya maji na taulo.

Hatua ya tisa: chunguza kama mtu wa fujo ni wewe

Fupi tu. Kama wenzako wana mkono unaouma kila ikifika zamu yako, kama kocha anakupa sana gunia siku za sparingi, kama kuna watu watatu wameacha kuja siku unazokuja, basi baiskeli zao zote hazina pancha. Muulize mtu mdogo kuliko wote jimu, faragha, umnunulie soda: "Dogo, huwa nakuumiza?" Usimkatize akijibu.

Hatua ya kumi: kuhama

Ukishasema kwa mtu, ukasimamisha, ukaenda kwa kocha, na hali ni ile ile, ondoka. Usigombane, ada yako ya mwezi imeisha basi usilipe mwingine.

Ila unapoenda mpya usilipe siku ya kwanza. Uliza siku yao ya sparingi ni ipi, nenda ukakae benchi uangalie saa nzima. Angalia nani anasimamisha raundi mbaya, au hakuna. Angalia kama kocha yuko karibu na ulingo au yuko nje na simu. Angalia mkubwa wa jimu anavyocheza na mdogo wa jimu, hapo unajua kila kitu. Angalia kama mtu akisema "basi" wenzake wanamzomea. Na ukiona dogo ana wiki mbili, hajui hata kufunga bendeji, kawekwa ulingoni na mtu mwenye pambano mwezi ujao huku watu wanarekodi na kucheka, rudisha hela mfukoni, kapande daladala, jimu ziko nyingi.